Risasi Isiyo na Bunduki

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ya petroli. Baba yangu alikuwa akiuza mafuta kwenye stesheni moja huku Eastlands, Nairobi, na jioni alipofika nyumbani ile harufu ilipita mlangoni kabla yake. Sisi watoto tuliipenda. Tulimkumbatia miguuni, tukazika pua kwenye ovaroli lake na kuvuta pumzi hadi mama atufukuze. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu kingine ndani ya hiyo harufu.

Nilizaliwa 1999. Kenya iliacha kuuza petroli yenye madini ya risasi mwisho wa 2005. Hiyo ni miaka sita, na ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto hujengwa kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

Nilipoanza kusoma kuhusu haya mambo nilimpigia mzee simu ushago. Nikamuuliza kama walikuwa wanajua petroli ya supa ilikuwa na risasi.

"Risasi gani? Ya bunduki?"

"Ni madini yale yale, Baba. Ile ya kuchanganywa na mafuta."

Akanyamaza kidogo. "Sisi tuliambiwa supa ni nzuri kwa injini. Na kweli ilikuwa nzuri. Mwenye gari haliko sawa ungemjua kwa mlio tu." Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia: gari likiishiwa na mafuta barabarani, wao ndio walitumwa na mtungi na mpira, na mpira ulifyonzwa kwa mdomo. "Ukichelewa kutoa mdomo unaimeza. Unakunywa maziwa, unaendelea na kazi."

Hii ni historia ya jinsi dunia ilivyofika hapo, na jinsi ilivyotoka. Ni historia ya sayansi ya sumu, ila kwa kiasi kikubwa ni historia ya kuhesabu: nani anahesabu, anahesabu nini, na nani analipa.

*

Ubaya wa risasi si ugunduzi mpya. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Nikander wa Kolofoni, mshairi na tabibu wa Kigiriki, alieleza dalili za mtu aliyelishwa risasi. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, alionya watu wasinywe maji yaliyopita kwenye mabomba ya risasi, akatoa mfano wa mafundi wa risasi waliokuwa wamepauka. Karne zilipita, na wachoraji, wachapishaji wa vitabu na wachimba migodi wakaendelea kupata tumbo la kukata, mikono iliyolegea na wazimu. Kila mtu alijua kwamba risasi nyingi huua.

Swali ambalo halikuwa na jibu lilikuwa hili: je, risasi kidogo?

Mwaka wa 1921, mhandisi wa General Motors aitwaye Thomas Midgley alikuwa anatafuta dawa ya injini inayogonga. Ukikanyaga mafuta mlimani, petroli ililipuka kabla ya wakati wake na injini ikapiga kelele kama sufuria la misumari. Mwezi Desemba alijaribu kimiminika kinachoitwa tetraethili ya risasi. Tone dogo tu, na injini ikatulia.

Kulikuwa na njia nyingine. Ethanoli, yaani pombe, nayo ilituliza injini, na Midgley mwenyewe alilijua hilo. Lakini pombe haina mwenyewe. Mtu yeyote mwenye pipa na mahindi angeipika, hata mama wa chang'aa angeingia sokoni. Tetraethili ilikuwa na hataza, na hataza ilikuwa na mwenyewe. Mwezi Februari 1923 mafuta mapya yalianza kuuzwa mjini Dayton, Ohio. Mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey waliunda kampuni ya pamoja kuyauza. Jina la biashara lilikuwa Ethyl. Tamu, laini, kama jina la shangazi wa mtu. Neno risasi halikuwemo.

Wafanyakazi ndio walioanza kulipa. Kwenye kiwanda cha DuPont huko New Jersey, jengo la tetraethili lilipewa jina la nyumba ya vipepeo, kwa sababu waliofanya kazi mle walionekana wakifukuza hewani wadudu ambao hawakuwepo. Mwezi Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, jimbo hilo hilo, wanaume walianza kuona mambo, kupiga mayowe na kufungwa kwa mashuka ya hospitali. Watano wakafa na makumi wengine wakalazwa. Magazeti ya New York yakaiita gesi ya wazimu.

Tarehe 30 Oktoba Midgley aliita waandishi wa habari. Mbele yao alinawa mikono kwa tetraethili, kisha akaishika chupa chini ya pua yake na kuvuta mvuke kwa dakika nzima. Akasema angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Ambacho hakuwaambia ni kwamba mapema mwaka uliotangulia alikuwa amelazimika kuacha kazi kwa muda na kwenda Florida kupumzika. Alikuwa na sumu ya risasi mwilini.

*

Serikali ya Marekani iliitisha mkutano Washington mwezi Mei 1925. Hapo kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye jina lake lingestahili kuwa kwenye vitabu vyetu vya shule. Alice Hamilton alikuwa daktari aliyezunguka viwandani tangu 1910, akiingia kwenye nyumba za wafanyakazi na kuandika nani anaumwa nini na anafanya kazi gani. Chuo kikuu cha Harvard kilimwajiri 1919, mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Msimamo wake kwenye mkutano ulikuwa mwepesi kueleweka: risasi itokayo kwenye eksozi itaanguka barabarani kama vumbi, vumbi halina mpaka, na mahali penye vumbi la risasi watu huugua. Usiruhusu kwanza halafu uchunguze baadaye.

Wenye viwanda walisema hakuna ushahidi kwamba umma unadhurika. Na kweli hakukuwa nao. Mafuta yalikuwa na miaka miwili tu sokoni.

Kamati ikaundwa. Kwa miezi saba ilichunguza takriban watu 250, wengi wao madereva na wafanyakazi wa gereji, na mwanzoni mwa 1926 ikatoa ripoti: kwa wakati huo hakuna sababu ya kutosha kupiga marufuku. Lakini iliongeza onyo kwamba madhara ya polepole yanaweza kuchukua miaka mingi kuonekana, kwa hiyo utafiti uendelee.

Utafiti uliendelea. Tatizo ni nani aliyeulipia. Kwa takriban miaka 40, mtu aliyeshika funguo za sayansi ya risasi Marekani alikuwa Robert Kehoe, daktari wa Cincinnati ambaye maabara yake ilijengwa kwa pesa za General Motors, DuPont na Ethyl, na ambaye pia alikuwa mkurugenzi wa afya wa Ethyl. Kehoe hakuwa mjinga wala hakuwa mvivu. Alipima risasi kwenye damu, mkojo na chakula cha watu wengi kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Hoja zake zilikuwa nne: risasi ni ya asili mwilini, mwili una njia ya kuitoa, chini ya kizingiti fulani haina madhara, na raia wa kawaida yuko mbali na hicho kizingiti. Kizingiti chenyewe alikiweka kwenye mikrogramu 80 kwa desilita ya damu. Kumbuka hiyo namba.

Ili kuonyesha kwamba risasi ni ya asili, alienda kupima wakulima wa kijiji kimoja Mexico, mbali na magari. Akakuta risasi kwenye miili yao. Unaona? Kila mtu anayo. Wakosoaji wake walikuja kuonyesha kwamba wale wanakijiji walikuwa wakila kwenye vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi.

Lakini nguvu hasa ya Kehoe ilikuwa kanuni yake kuhusu ushahidi. Anayesema risasi kidogo inadhuru, alete data. Mpaka alete, biashara iendelee. Ukiisikia haraka inaonekana ni haki kabisa. Si ndivyo sayansi inavyofanya kazi? Sasa fikiria mwenye ploti anayekuambia uthibitishe kwamba paa linavuja ndipo alitengeneze, na ngazi ya pekee mtaani ni yake. Maabara zenye uwezo wa kupima risasi kwa kiasi hicho zilikuwa chache, na pesa za utafiti zilitoka kwa wauzaji. Ushahidi haukuwepo kwa sababu hakuna aliyepewa ngazi.

*

Ngazi ya pili ilitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiangalia.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanakemia kijana aitwaye Clair Patterson alipewa kazi ya kutafuta umri wa dunia. Njia yenyewe ni kupima risasi iliyotokana na urani iliyooza ndani ya mawe ya kale. Kila alipopima alipata risasi nyingi mno. Ilikuwa kwenye meza, kwenye maji, kwenye kemikali alizonunua, kwenye nywele zake mwenyewe. Ilimchukua miaka kuisafisha maabara yake, akipiga deki, akichemsha vyombo kwa asidi, akikataza watu kuingia na nguo za nje. Kufikia 1953 alikuwa amepata jibu lake kutoka kwa kimondo kilichoanguka Arizona, na 1956 akalichapisha: dunia ina takriban miaka bilioni 4.55. Bado ndiyo namba tunayoitumia.

Mtu mwingine angekwenda kupumzika na tuzo zake. Patterson alibaki na swali la maabara: hii risasi yote inatoka wapi?

Akapima maji ya bahari kuu na kukuta risasi nyingi juu, kidogo chini, maana yake inashuka kutoka hewani na imeanza kushuka juzijuzi. Akapima barafu ya Greenland, ambayo hujipanga safu kwa safu kila mwaka kama kurasa za daftari. Safu za kale zilikuwa na risasi kidogo sana. Kadiri alivyokaribia karne ya ishirini, ilipanda. Mwaka wa 1965 aliandika kwamba Mmarekani wa kawaida alikuwa amebeba takriban mara 100 ya kiwango ambacho binadamu angekuwa nacho kwa asili.

Hapo ndipo hoja ya Kehoe ilipasuka. Kitu kikiwa kwa kila mtu, hakiwi cha asili kwa sababu hiyo tu. Huenda kila mtu ametiwa sumu. Kehoe alikuwa amechanganya kawaida na asili. Tofauti ya maneno hayo mawili iligharimu dunia miaka 40.

Patterson naye akapata malipo yake. Taasisi ya wauza mafuta iliyokuwa ikifadhili utafiti wake iliacha kumlipa, na mkataba wake na idara ya afya ya umma haukuendelezwa. Lakini 1966 wote wawili, Kehoe na Patterson, walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Edmund Muskie, na kwa mara ya kwanza umma ulisikia kwamba kuna wanasayansi wenye maoni tofauti kuhusu jambo lililodaiwa kuwa limeisha.

*

Bado kulikuwa na pengo. Sawa, tumebeba risasi mara 100. Inatufanya nini?

Hebu tuingie mwilini kidogo. Risasi hufanana na kalsiamu, na mwili haujui kuzitofautisha vizuri. Kwa hiyo huipokea kama mgeni rasmi. Huiweka kwenye mifupa na meno, inakoweza kukaa kwa miongo. Mwanamke anapopata mimba na mwili wake kuchota kalsiamu kwenye mifupa kumjengea mtoto, risasi ya utotoni mwake nayo huchotwa na kupita kondo la nyuma. Kwenye ubongo, ambapo seli huzungumza kwa kutumia kalsiamu, risasi huingilia mazungumzo. Na mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, kisha yeye ndiye atambaaye sakafuni na kutia kila kitu mdomoni.

Herbert Needleman, daktari wa watoto na wa akili, alijiuliza kuhusu watoto ambao hawajawahi kulazwa, wasio na degedege wala tumbo la kukata. Watoto wanaoonekana wazima. Damu huonyesha risasi ya juzi tu. Alihitaji kitu kinachotunza kumbukumbu, akafikiria meno ya utotoni. Sisi tuliyatupa juu ya paa; yeye aliyaomba. Katika miji ya Chelsea na Somerville, jimbo la Massachusetts, alikusanya meno ya zaidi ya watoto 2,000 wa darasa la kwanza na la pili. Akawaomba walimu wajaze fomu kuhusu tabia za kila mtoto darasani bila kujua nani ana risasi kiasi gani. Je, anafuata maelekezo? Anakengeuka haraka? Anamaliza anachoanza?

Matokeo yalitoka 1979. Kadiri risasi kwenye meno ilivyopanda, ndivyo walimu walivyolalamika zaidi, ngazi kwa ngazi. Alipowalinganisha kwa kina watoto 58 wenye risasi nyingi na 100 wenye risasi kidogo, wa kwanza walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, lugha na umakini. Tofauti ya vipimo vya akili ilikuwa kama alama nne.

Alama nne ni nini? Kwa mtu mmoja, si kitu. Hata mamake hatajua. Lakini ukiisogeza nchi nzima alama nne chini, wanaohitaji msaada maalum darasani wanaongezeka sana na wenye vipaji vikubwa wanapungua sana. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kwenye elimu ya sumu, na ndilo lililonifanya niandike. Sumu kidogo haionekani kwa mtu. Inaonekana kwa watu. Hakuna maiti ya kuonyesha, hakuna daktari wa kukuambia ni hii. Lazima uhesabu wengi ndipo uione, na anayekataa kuhesabu anaweza kusema kwa dhamiri safi kwamba hajaona kitu.

Needleman aliwafuata watoto wale wale kwa miaka 11. Mwaka wa 1990 aliripoti kwamba waliokuwa na risasi nyingi utotoni walikuwa na uwezekano mara saba zaidi wa kuacha shule ya sekondari bila kumaliza.

Hapo niliposoma nilifunga simu kwanza, nikatoka nje.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ninayotoa kwa watu ni karo, na ni kweli, karo haikuwepo. Lakini kuna mambo mengine ambayo sikuwahi kumwambia mtu: kusoma ukurasa mara tano, kushindwa kukaa, kuanza vitu kumi na kumaliza kimoja. Sasa, usinielewe vibaya. Siwezi kukuambia kwamba ovaroli la baba ndilo lililonitoa chuoni. Utafiti wa Needleman hauruhusu sentensi kama hiyo. Wale watoto walikuwa wa sekondari, Massachusetts, na hesabu ni ya kundi, si ya mtu. Wapo waliokuwa na risasi nyingi wakamaliza vizuri. Ila ndiyo uovu wa sumu ya namna hii: inakuibia bila kuacha alama ya vidole, halafu inakuacha ukijilaumu uvivu.

*

Wakamjia Needleman pia. Mwaka wa 1991 wanasaikolojia wawili waliowahi kuwa mashahidi wa upande wa kampuni katika kesi ya risasi walimshtaki kwamba alikuwa amekiuka maadili ya utafiti. Aliomba kesi yake isikilizwe hadharani, si kwenye chumba kilichofungwa, na 1992 akasikilizwa mbele ya watu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Hakupatikana na hatia ya udanganyifu.

Wakati huo hesabu ilikuwa imeshaanza kujisemea. Marekani ilianza kupunguza risasi kwenye petroli katika miaka ya 1970. Kati ya 1976 na 1980, uchunguzi wa afya wa kitaifa ulipima damu za maelfu ya watu na kukuta kwamba risasi imeshuka kwa asilimia 37, ikiteremka sambamba na risasi iliyokuwa ikitumika kwenye mafuta. Ukichora mistari miwili kwenye karatasi moja, inashuka ikiwa imeshikana mikono. Hewa ya risasi ilipopungua, watoto wakasafika.

Na kile kizingiti? Kehoe alisema 80. Katika miaka ya 1960, Marekani ilimhesabu mtoto kuwa na tatizo akifika 60. Mwaka wa 1985 ikawa 25. Mwaka wa 1991 ikawa 10, 2012 ikawa 5, na 2021 ikawa 3.5. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kila mara walipoangalia chini zaidi, walikuta madhara. Mwili haukubadilika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni macho.

*

Sasa angalia tarehe. Wamarekani walianza kupunguza risasi miaka ya 1970 na kuipiga marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani 1996. Baba yangu alikuwa bado anafyonza mpira 2004.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar mwezi Juni 2001 na kukubaliana kuiondoa. Mwaka wa 2002 ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi ukazinduliwa, ukiratibiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, kilomita chache tu kutoka kwenye stesheni alizofanyia kazi mzee. Ndani ya miaka minne kanda nzima ilikuwa imeacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Ni moja ya habari njema kubwa zaidi za afya katika maisha yetu, na nilipowauliza marafiki watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia.

Ingekuwa vizuri kumalizia hapo. Lakini risasi ilipotoka kwenye tangi la mafuta ilibaki kwenye betri.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda Mombasa, watu takriban 3,000. Kuanzia 2007 kiwanda kilichopakana na nyumba kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kupata risasi. Moshi ulipita madirishani, maji machafu yakapita vichochoroni. Mwaka wa 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ikasema kiwanda hakifai kuwa pale. Akaondolewa kwenye kazi hiyo. Kisha mtoto wake mchanga akaugua. Vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu mpaka damu ilipopimwa risasi.

Alichofanya baadaye ni kile kile alichofanya Alice Hamilton. Alienda nyumba kwa nyumba. Akapeleka watoto wengine wapimwe, akawa na karatasi mkononi. Wakaandamana, akakamatwa, wakaandamana tena. Kiwanda kikafungwa 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Watafiti waliolinganisha damu za watoto wa Owino Uhuru na za watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh walikuta risasi takriban mara mbili, hata baada ya moto kuzimwa. Udongo haukuwa umesahau.

Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ilipwe na wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu kiwanda kianze kufuka.

Ninapoisoma kesi hiyo naona kanuni ya Kehoe ikiwa bado hai, imevaa suti ya Kenya. Akina mama wa kijiji maskini ndio walioambiwa walete data. Tofauti ni kwamba safari hii waliileta.

*

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya gereji moja karibu na kwetu. Jamaa alikuwa akipasua betri kwa nyundo, akitenga sahani za kijivu upande mmoja, plastiki upande mwingine. Asidi ilikuwa ikimwagika kwenye mtaro. Hatua tano kutoka pale watoto walikuwa wakicheza bano kwenye vumbi, na mmoja, wa miaka mitatu hivi, alikuwa amekaa chini akilamba vidole.

Nilimsalimia jamaa, nikamwambia kuhusu vumbi. Hakukasirika. Akasema, "Bro, nimefanya hii kazi miaka nane na sijawahi kuumwa."

Nilimwamini. Sikuwa na jibu fupi la kumpa, maana jibu lenyewe ni refu kama hii makala. Nikamwomba tu ahamie upande wa ukuta ambako watoto hawafiki, na jioni asiende na zile nguo nyumbani. Akacheka, akasema atajaribu.

Jioni nikampigia mzee tena. Nilitaka kumuuliza kama aliwahi kupimwa damu. Badala yake aliniuliza yeye kwanza, polepole, kama mtu aliyelifikiria siku nyingi: "Ile risasi uliyosema. Nilikuwa naileta nyumbani?"

Nikamwambia hakuna aliyemwambia. Ni kweli, na nadhani anastahili kuisikia kutoka kwangu. Walioweza kumwambia walikuwa na ngazi, na walichagua kutopanda.